Mali Bila Daftari

Dominika ya 33 ya Mwaka A
Somo: Mathayo 25:14–30



Popote mnaponisikia asubuhi hii, mlio majumbani Tarime mjini na Sirari, mlioketi chini ya mti Nyamongo, mlio Mugumu na katika vijiji vya kando ya hifadhi, nawasalimu kwa amani ya Bwana. Nawasalimu hasa makatekista wetu, ninyi mnaosimamia ibada mahali ambapo padre hafiki kila Dominika, na ambao baada ya ibada hamkosi kuulizwa maswali magumu.

Nami siku moja niliulizwa. Ilikuwa Dominika kama ya leo, tumesoma Injili ya talanta, na mzee mmoja akanisubiri nje ya kanisa, fimbo mkononi. Akaniambia: "Padre, yule mtumishi wa kwanza alileta talanta tano za ziada. Wa pili alileta mbili tu. Mimi nikiwa na vijana wawili, mmoja akaniletea ng'ombe watano na mwingine wawili, siwezi kuwashukuru kwa kipimo kimoja. Mbona bwana yule aliwasifu wote wawili sawasawa?"

Wapendwa, nilifurahi sana kwa swali lile, kwa sababu mzee alikuwa amesikiliza. Na jibu lake halihitaji elimu ya seminari. Linahitaji hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Naomba basi leo tupige hesabu pamoja, polepole. Mwenye daftari na alichukue.

Mtumishi wa kwanza alipewa talanta tano, akaleta faida ya talanta tano. Chukua faida, igawanye kwa mtaji: tano kwa tano ni moja. Zidisha kwa mia: ni asilimia 100. Wa pili alipewa mbili, akaleta faida ya mbili. Mbili kwa mbili ni moja, nayo ni asilimia 100. Mmeona? Ukitazama rundo la fedha, wa kwanza amemshinda wa pili. Ukitazama kiwango cha faida, wamelingana kabisa. Yule bwana hakutazama rundo. Alitazama kila mmoja amefanya nini na kile alichokabidhiwa. Ndiyo maana sifa ni ile ile na furaha ni ile ile.

Na tusidhani kwamba aliyepewa talanta moja alidhulumiwa. Katika nyakati zile dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, hiyo ni mishahara ya miaka 20. Yule aliyepewa kidogo kuliko wenzake alishika mkononi jasho la miaka 20. Kwa Mungu hakuna aliyepewa kidogo.

Hesabu hii, ya kugawanya faida kwa mtaji, wahasibu na mabenki huifanya kila siku. Sisi wakulima na wafugaji twaidharau. Wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo leo nataka kuwapeni maswali manne ya kuandika katika daftari hilo. Matatu yanahusu fedha. La nne linahusu roho.

Swali la kwanza: Nimeweka nini, kwa jumla?

Tuchukue ng'ombe, maana kwa wengi wetu zizi ndilo benki. Tuseme baba mmoja amenunua fahali mchanga mnadani kwa shilingi 400,000. Baada ya miezi 18 amemwuza kwa shilingi 680,000. Anarudi nyumbani uso ukimeremeta: "Nimepata faida ya 280,000! Kwa 400,000 nilizoweka, hiyo ni asilimia 70." Mkewe anafungua daftari na kumwambia: "Baba watoto, ngoja kwanza." Anasoma: dawa ya josho, chanjo, chumvi, ushuru wa mnada, ujira wa kijana aliyechunga. Jumla yake ni shilingi 100,000. Basi mtaji haukuwa 400,000, ulikuwa 500,000. Na faida haikuwa 280,000, ilikuwa 180,000. Gawanya 180,000 kwa 500,000: ni asilimia 36.

Swali la pili: Kwa muda gani?

Hizo asilimia 36 zimepatikana kwa miezi 18, yaani mwaka mmoja na nusu. Kwa mwaka mmoja ni asilimia 24. Si haba, ni faida njema, na mfugaji yule amshukuru Mungu. Lakini 24 si 70. Na msidhani kwamba tofauti hiyo ni ya kwenye karatasi tu. Mtu anayeamini kwamba ng'ombe wake humpa 70 ataona si kitu kukopa kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi ili aongeze kundi. Asilimia 5 kwa mwezi ni 60 kwa mwaka. Atasema, napata 70, nalipa 60, nimebaki na 10. Kumbe anapata 24 na kulipa 60. Kila mwaka zizi linajaa na nyumba inazidi kuzama, naye hajui kwa nini. Anaanza kumshuku jirani kwamba amemroga. Wapendwa, ni mara ngapi tumemtafuta mchawi mahali ambapo palikosekana daftari?

Muda ni jambo ambalo Mwinjili Mathayo mwenyewe hakulisahau. Anasema kwamba bwana wa watumishi wale alikawia kabla ya kurudi. Mali iliyoongezeka maradufu kwa mwaka mmoja imezaa asilimia 100 kwa mwaka. Iliyoongezeka maradufu kwa miaka kumi imezaa kama asilimia 7 tu kila mwaka, kwa kuwa faida nayo huzaa faida. Wahasibu wana njia ya mkato: gawanya 72 kwa kiwango cha faida cha mwaka, utapata miaka ambayo mtaji utachukua kuwa maradufu. Kwa asilimia 6 ni miaka 12. Kwa asilimia 12 ni miaka 6. Ishikeni njia hii, itawasaidia mtu atakapowajia na ahadi tamu.

Swali la tatu: Na ukija mwaka mbaya?

Ndugu zetu wa wilaya ya Serengeti, katika vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, wanalijua swali hili kuliko mimi. Mahindi yamebeba, mama amekwisha kuhesabu magunia kwa macho, na usiku mmoja tembo wanaingia. Asubuhi hakuna magunia. Tuseme shamba hilo hugharimu shilingi 300,000 kila msimu, na msimu ukiwa mwema huleta 500,000. Anayehesabu msimu mwema peke yake atasema faida yake ni 200,000 kwa 300,000, karibu asilimia 67. Lakini tuseme katika misimu minne mmoja huliwa na tembo. Gharama za misimu minne ni 1,200,000. Mavuno ya misimu mitatu ni 1,500,000. Faida ya kweli ni 300,000 kwa 1,200,000, yaani asilimia 25. Mkulima mwenye hekima hupanga maisha yake kwa 25, si kwa 67. Akifanya hivyo, mwaka wa tembo utamwumiza, lakini hautamfukuza nyumbani.

Sasa tuyachukue maswali haya matatu tuende nayo Nyamongo.

Tangu mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, vijiji vya pale vimejifunza neno moja ambalo sasa kila mtu analijua: tegesha. Mtu husikia kwamba eneo fulani huenda likachukuliwa kwa ajili ya mgodi. Naye huharakisha kusimamisha nyumba pale, au kupanda miche iliyosongamana, ili wathamini wakija wamkute na kitu cha kulipwa fidia. Ni nyumba ambayo haijawahi kupikiwa ugali. Ni mlango ambao hakuna mtoto aliyewahi kuupitia akikimbia. Imetegwa kama mtego, nayo inangoja.

Nisieleweke vibaya. Mtu ambaye makaburi ya babu zake yamo katika ardhi inayochukuliwa ana haki ya fidia kamili, ya haki, tena kwa wakati. Kumcheleweshea haki yake ni dhambi, na Kanisa halitanyamaza juu ya hilo. Leo nasema na yule aliyetega.

Ndugu yangu, fungua daftari. Tuseme umekopa shilingi 3,000,000 kwa mtu binafsi, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Umenunua mabati, mbao na saruji. Unatumaini fidia ya 9,000,000. Unasema moyoni: nimeweka tatu, nitapata tisa, mtaji umekuwa mara tatu! Sawa. Kwa muda gani? Riba yako ni shilingi 300,000 kila mwezi. Baada ya miezi 10 riba imefika 3,000,000. Baada ya miezi 20 imefika 6,000,000. Ongeza mkopo wenyewe wa 3,000,000: deni ni 9,000,000 kamili. Siku hiyo, hata ukilipwa fidia yote uliyoitumaini, faida yako ni sifuri. Mwezi wa 21 unaanza hasara. Na swali la tatu: je, eneo lile lisipochukuliwa? Je, wathamini wakisema nyumba yako haistahili? Hakuna aliyekuahidi kitu. Wapo waliouza ng'ombe wa maziwa, ambaye alikuwa akiwapa watoto lita zao kila siku, ili wakasimamishe kuta za kuoneshwa wathamini. Hao wamebadilisha faida ndogo ya hakika kwa faida kubwa ya ndoto.

Wapendwa, tunafika sasa kwenye swali la nne, ambalo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Faida hii, ni nani aliyeilipa?

Kila faida hutoka mahali. Faida ya fahali imetoka kwenye majani, mvua na jasho la kijana aliyechunga. Kama kijana yule hakulipwa ujira wake, basi sehemu ya asilimia zako imeibwa kwake, na Mungu anaihesabu. Mtumishi wa tatu katika Injili alimshtaki bwana wake kwamba ni mtu wa kuvuna asipopanda. Lilikuwa shtaka la uongo. Lakini sisi tunaovuna tusipopanda tupo, tena tu wengi.

Wenye umri wa kutosha mtakumbuka habari za DECI. Watu katika sehemu nyingi za nchi yetu waliambiwa wapande mbegu, nayo mbegu ilikuwa fedha. Kisha baada ya majuma machache watavuna maradufu na zaidi. Maneno ya mbegu na mavuno yalitoka katika Maandiko, na baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji wa makanisa, ndiyo maana waumini wengi waliwaamini. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 mahakama jijini Dar es Salaam iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Wengi waliopanda hawakuvuna.

Swali la nne lingewaokoa. Pale hapakuwa na shamba, hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na kiwanda. Faida ililipwa na nani? Ililipwa na yule aliyejiunga baada yako. Ili mmoja avune maradufu, lazima wawili wapya wapande. Ili hao wawili wavune, wanatakiwa wanne. Kisha wanane, kisha kumi na sita. Endelea hivyo mara 22, utahitaji watu zaidi ya milioni nne wapya, nao mkoa wetu wote wa Mara, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu wapatao milioni 2.4, na vichanga wakiwemo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ilikuwa hakika kwamba wapo watakaolia. Waliotangulia walivuna machozi ya waliofuata. Na leo mambo hayo hayajakwisha, yamehamia tu kwenye simu. Ujumbe unaingia usiku: weka kiasi hiki, kesho kutwa utapata mara mbili. Ukiupokea, uulize maswali manne. Asiyeweza kukujibu la nne, mfutie ujumbe wake.

Wapendwa, sasa nasema jambo la mwisho, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu mwezi wa Novemba unakwenda ukingoni. Desemba inakaribia, shule zinafungwa, na ninyi nyote mnajua katika koo zetu nyingi Desemba huleta nini. Wapo mabinti ambao sasa hivi wanahesabu siku kwa hofu. Wapo watakaotoroka usiku kwenda Masanga, au kwenda Nyumba Salama ya Mugumu, ili wasikeketwe. Na nyuma ya kisu kile, baba zangu, mara nyingi ipo hesabu. Binti akeketwe ili aolewe. Aolewe ili ng'ombe waingie zizini.

Sikemei mahari. Mahari ni heshima kati ya koo mbili, na wazee wetu waliijua maana yake. Nakemea hesabu inayomfanya binti kuwa mtaji. Lakini hebu kwanza niichukue hesabu hiyo kama ilivyo, niipitishe katika maswali yetu, tuone kama inasimama.

Baba anasema: nikimwoza mwaka huu napata ng'ombe kumi. Nikimsomesha, natoa sare, madaftari, chakula, miaka minne, na ng'ombe siwaoni. Baba, umeweka nini kwa jumla? Umehesabu gharama ya shule. Je, umehesabu uchungu wa mamaye, na miaka kumi na minne ya kumlea? Ng'ombe wale watakaa kwa muda gani? Unajua vizuri kuliko mimi: kaka yake naye ataoa, na ng'ombe walioingia kwa mlango wa binti watatoka kwa mlango wa kijana. Na ukija mwaka mbaya? Umehesabu siku ya uzazi wa mtoto aliyeozwa akiwa mtoto, akiwa na kovu la kisu, mbali na hospitali?

Tuipime na njia ile nyingine. Wachumi George Psacharopoulos na Harry Patrinos walikusanya tafiti za nchi 139 na kuchapisha matokeo yake mwaka 2018. Walikuta kwamba, kwa wastani, kila mwaka mmoja wa shule humwongezea mtu kipato chake kwa karibu asilimia 9 katika maisha yake yote ya kazi, na kwa wanawake kiwango hicho ni kikubwa zaidi kuliko kwa wanaume. Elimu hiyo haipigwi na ndigana, wala haichukuliwi na wezi wa mifugo usiku. Nayo ada ya shule za sekondari za serikali, hadi kidato cha nne, imefutwa tangu mwaka 2016. Kwa hiyo hata anayehesabu kwa ng'ombe peke yake, hesabu yake imemdanganya.

Lakini, baba yangu, tukomee hapo na hesabu ya fedha, maana swali la nne linangoja. Faida hii, ni nani aliyeilipa? Imelipwa na binti. Imelipwa kwa damu yake, kwa hofu yake, kwa daftari lake la shule lililoachwa nusu. Sheria ya nchi inakataza jambo hilo. Tangu mwaka 1998 kumkeketa binti wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti wa chini ya miaka 18 kuolewa vinapingana na Katiba. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, Injili ya leo ingetosha.

Itazameni tena. Mtumishi wa tatu aliogopa, akaenda akachimba shimo. Kwetu Nyamongo watu huchimba shimo ili watoe dhahabu. Huyu alichimba ili aifukie. Naye bwana wake alihuzunika na kumkasirikia, ingawa hakuwa ameiba chochote. Aliirudisha talanta nzima, haina hata mchubuko, bali vumbi tu. Sasa nawaulizeni, baba zangu na mama zangu: ikiwa aliyerudisha talanta nzima aliambiwa kwamba ni mtumishi mbaya, sisi tutasema nini? Mungu ametukabidhi binti. Siku atakaporudi na kufungua daftari lake, tutamrudishia binti huyo akiwa mzima?

Hapo ndipo mtaji wa kweli ulipo. Ng'ombe ni mali ya kufanyia kazi, shamba ni mali ya kufanyia kazi, fedha ni mali ya kufanyia kazi. Tuzihesabu vizuri, tena kwa ukali, kwa sababu uvivu wa kuhesabu umewatia wengi wetu utumwani. Binti na kijana wetu hawaandikwi katika safu ya mtaji. Hao ndio tunaowafanyia kazi.

Nawapeni basi kazi ya juma hili, tena ni ndogo. Kila nyumba inunue daftari moja. Upande mmoja wa ukurasa andikeni vyote vinavyotoka, hata chumvi ya ng'ombe. Upande wa pili andikeni vyote vinavyoingia. Na juu ya ukurasa andikeni tarehe, ili muda usisahaulike. Baba na mama waliandike pamoja, na mtoto anayesoma vizuri awe karani wao. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ambavyo vingi vinakaribia kugawana mwishoni mwa mwaka, visomeeni wanachama hesabu yote kwa sauti. Waambieni pia ukweli kwamba sehemu ya faida yenu imetoka katika riba waliyolipa wenzenu. Kama yupo mjane aliyelipa riba kwa kuuza kuku wa mwisho, muulizane kama faida hiyo itakuwa tamu mdomoni.

Makatekista, nanyi ninawaomba mfanye jambo moja zaidi. Kabla shule hazijafungwa, piteni nyumba zenye mabinti. Msiende kuhukumu. Kaeni, kunyweni uji, ongeeni na baba. Yule mzee wangu wa fimbo, nilipokwisha kumweleza hesabu ya talanta, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi Padre, Mungu ataniuliza kwa kadiri ya alichonipa mimi, si kwa kadiri ya zizi la jirani." Nilimwambia, naam, mzee wangu, umeihubiri Injili kuliko mimi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetukabidhi mali yako ukasafiri, utupe macho ya kuona kile ulichoweka mikononi mwetu. Utuepushe na tamaa inayotega, na uvivu unaofukia. Utufundishe kuhesabu siku zetu na senti zetu kwa haki, na uwalinde mabinti wa Tarime na Serengeti katika majira haya, ili utakaporudi utukute tukiwa na kitu cha kukuonesha. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakieni nyote Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo.